Kabine ya mawakili mjini Lubumbashi: niliiendea siku ya kumi na moja, kisha siku ya kwanza

Nimehudumiwa na kabine hii, yaani ofisi ya mawakili, mara mbili katika muda wa miaka mitatu, kila mara na wakili yule yule, na siwezi kuieleza huduma yake bila kusema kwanza kwamba mara ya kwanza nilipanda ngazi zake siku ya kumi na moja baada ya ndugu yetu kukamatwa, ilhali mara ya pili nilifika asubuhi ile ile shida ilipobisha hodi. Bidii ya wakili ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni kile tulichomletea mikononi. Jina la kabine silitaji, kwa sababu kanuni za kazi ya uwakili hapa kwetu Kongo zinamkataza wakili kujitangaza ili kutafuta wateja, na mwenyewe aliniomba niiheshimu kanuni hiyo. Iko katikati ya mji, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Jumba la Mahakama, ghorofani juu ya duka la fotokopi. Wakili mkuu ni mama wa makamo aliyesajiliwa katika baraza la mawakili la mkoa wetu wa Haut-Katanga, naye husaidiwa na vijana wawili walio katika mafunzo ya kazi.

Chumba cha kungojea ni kidogo, kina benchi moja la mbao na feni ambayo husimama umeme ukikatika, yaani mara nyingi. Mgeni hupokelewa kwa adabu. Kabla ya kuzungumzia malipo, kijana wa mapokezi humuuliza mambo matatu: mtu wenu alikamatwa siku gani, saa ngapi, na mpaka sasa ametia sahihi karatasi gani. Majibu huandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya jalada jipya. Mara ya kwanza maswali hayo yalinikera, kwa sababu nilikuja na hadithi ndefu ya uonevu na nilitaka isikilizwe tangu mwanzo. Baadaye nilielewa kwamba karibu kila kitu ambacho wakili angeweza kutufanyia kilikuwa ndani ya majibu hayo matatu.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa mtunza ghala la saruji huko Ruashi. Hesabu ya mwisho wa mwezi ilipoonyesha upungufu wa mifuko kumi na minne, tajiri wake alimshtaki kwa wizi, na polisi wakamchukua siku ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Sisi jamaa tulifanya kile ambacho jamaa nyingi za mji huu hufanya: tulitafuta mtu anayemjua mtu. Mjomba mmoja alikuwa na rafiki kanisani ambaye aliwahi kufanya kazi na kamanda, mwingine alikuwa na namba ya karani fulani wa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, na hivyo Jumamosi na Jumapili zilikwisha tukingojea simu, tukipeleka chakula, bukari na sombe, kituoni, na kutoa fedha kidogo kidogo ambazo hakuna aliyetupa stakabadhi yake. Mke wangu peke yake ndiye aliyetaja avoka, yaani wakili. Nilimjibu mbele ya watu kwamba kumpeleka avoka polisi ni kukiri kuwa mtoto ana hatia. Jibu hilo linaniuma hadi leo, na ndilo lililonisukuma kuandika.

Wakati sisi tunahangaikia wakubwa, shemeji alikuwa anahojiwa usiku wa Jumamosi, peke yake, bila kuoga wala kulala. Alihojiwa kwa Kiswahili, lakini maneno yake yaliandikwa kwa Kifaransa, kwa sababu Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa ilhali lugha rasmi ya nchi ni Kifaransa, na ndiyo lugha ya majalada. Alipoulizwa kuhusu ile mifuko kumi na minne, alijibu kwa lugha ya kazi yake: «Niliitoa mimi, Jumanne asubuhi.» Kila aliyewahi kufanya kazi ghalani anajua maana yake, kwamba mtunza ghala amekabidhi mali kwa dereva kwa kufuata boni, yaani karatasi ya kutolea mali. Aliyeandika hakuwahi kufanya kazi ghalani. Katika hati ya mahojiano, ile tunayoiita peve, aliandika neno la Kifaransa ambalo sheria ya jinai ya Kongo inalitumia kueleza wizi wenyewe: kwamba ameiondoa mali isiyo yake. Chini ya ukurasa kulikuwa na ile kauli ya desturi inayosema kwamba mhojiwa, baada ya kusomewa, anashikilia maneno yake na kutia sahihi. Hakusomewa chochote. Alitia sahihi akiamini kwamba ndiyo njia ya kurudi nyumbani.

Nilipokaa mbele ya meza ya wakili siku ya kumi na moja, hakutulaumu, na hilo ninalihesabu miongoni mwa sifa zake. Aliisoma nakala ya peve mara mbili, akaniuliza: «Papa, shemeji yako anaongea Kifaransa?» Nikamjibu kwamba anakisikia kidogo. Akaliwekea kidole lile neno, akanieleza maana yake, kisha akauliza ziko wapi boni za siku ile ya Jumanne. Sikujua. Siku ya kwanza zilikuwa kwenye droo ya meza ya ghala, kwa maelezo ya shemeji mwenyewe. Siku ya kumi na moja ghala lilikuwa na mtunza mwingine na droo ilikuwa tupu.

Hapo ndipo alipotuchorea kalenda, na nitairudia hapa kwa sababu ningependa kila nyumba ya Lubumbashi iwe nayo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema kwamba anayekamatwa aelezwe papo hapo sababu za kukamatwa kwake na tuhuma zilizopo, tena kwa lugha anayoielewa. Aruhusiwe mara moja kuwasiliana na jamaa yake au wakili wake. Na asiwekwe mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48, ambazo zikipita ni lazima aachiliwe au akabidhiwe kwa mamlaka ya sheria inayohusika. Kifungu cha 19 kinaongeza kwamba ana haki ya kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua katika ngazi zote za mashtaka, ikiwa ni pamoja na uchunguzi wa polisi. Maneno hayo ya mwisho nilimwomba ayarudie, kwa maana mimi, mtu niliyesoma hadi mwisho wa sekondari, niliamini kwamba wakili huanza kazi siku ya kusimama mbele ya hakimu.

Jamaa yetu alikamatwa Ijumaa jioni, akapelekwa parke Jumatatu mchana. Saa 48 zilikuwa zimekwisha tangu Jumapili jioni, na hakuna aliyezihesabu wala kuzilalamikia. Hakimu wa parke alimtolea hati ya kukamatwa kwa muda, ambayo kwa sheria ya mwenendo wa jinai ya mwaka 1959 inampa siku tano za kumfikisha mtuhumiwa mbele ya jaji. Ijumaa iliyofuata alifikishwa, katika kikao kisicho cha hadhara, peke yake tena, na jaji, akiwa na peve yenye sahihi mbele yake na hakuna mtu wa kusema lolote dhidi yake, aliruhusu azuiliwe siku 15. Jioni hiyo hiyo alipelekwa gereza la Kasapa. Uamuzi wa namna hiyo hukatiwa rufaa, lakini muda wa rufaa ni saa 24. Sisi tulimfikia wakili Jumatatu. Aliandika tarehe hizo zote kwa kalamu nyekundu, moja chini ya nyingine, na kila moja ilikuwa mlango uliofungwa sisi tukiwa tumekaa nyumbani kwa mjomba tukingojea simu.

Aliyewahi kupeleka chakula Kasapa hahitaji kuelezwa. Kwa asiyepajua, niseme tu kwamba gereza lile limejaa kupita kiasi, na kwamba mfungwa asiye na jamaa wa kumpelekea chakula hupata shida kubwa. Shemeji alikaa humo siku 44. Zile siku 15 zilipokwisha, kizuizi kiliongezwa mwezi mmoja, kwa kuwa sheria inaruhusu kukiongeza mwezi baada ya mwezi kosa linapokuwa zito, na wizi, hata usio na nguvu, unaweza kumletea mtu kifungo cha hadi miaka mitano. Wakili alisimama katika kila kikao. Aliomba aachiliwe kwa muda, akionyesha kwamba ana mke, ana watoto, ana anwani inayojulikana, hana sababu ya kukimbia. Ombi la kwanza lilikataliwa, la pili likakubaliwa kwa dhamana iliyolipwa katika ofisi ya ukarani wa mahakama, kwa stakabadhi, nasi tukaelezwa tangu siku hiyo kwamba dhamana hurudishwa mtuhumiwa akiitikia kila wito. Ilirudishwa. Zilikuwa fedha za kwanza katika shauri hili zote kurudi.

Kilichomwokoa mwishowe ni nakala ya boni iliyobaki kwa dereva, ambayo mmoja wa wale vijana wa kabine aliitafuta hadi Kipushi. Mahakama ilimwona hana hatia baada ya miezi saba, lakini wakati huo kazi ilikuwa imekwenda, watoto wawili walikuwa wametolewa shuleni kwa kukosa karo, na gharama ya wakili, kwa kuwa kila kikao kililipiwa, ilikuwa imefika dola 650. Najua kwamba watu wengi huchelewa kumwita wakili kwa kuogopa bei, na sikatai kwamba bei ipo. Lakini sehemu kubwa ya fedha zile tuliitoa ili kubomoa ukurasa mmoja ambao, kama wakili angekuwa amekaa kwenye kiti cha pili usiku ule wa Jumamosi, usingeandikwa vile. Alinieleza kwamba neno lililokwisha kutiwa sahihi linaweza kukanushwa, na yeye alilikanusha. Ila mahakimu humwangalia kwa mashaka mtu anayekanusha leo alichokikubali jana, na kuanzia hapo mzigo unakuwa mzito hata kwa mwenye haki.

Mara ya pili ilimhusu jirani yetu, mama anayeuza kapenta, dagaa wakavu, katika soko la mtaa wa Kenya hapa mjini, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akishika fedha za likelemba, yaani upatu, ya wanawake kumi na wawili. Biashara yake ilianguka, akashindwa kumlipa aliyefikiwa na zamu, na mwenzao mmoja akamshtaki. Barua ya wito ililetwa saa mbili asubuhi ikimtaka afike polisi kesho yake. Alikuja kwangu akitetemeka, ameshashika bahasha ya fedha, kwa sababu tayari mtu mmoja alimwambia kwamba akizipeleka kwa afisa mapema, jambo litaisha. Nilimwambia: «Mama, bahasha hiyo weka. Kwanza twende mjini.» Saa nne tulikuwa kwenye lile benchi la mbao.

Mashauri ya siku hiyo yalidumu saa moja na nusu na yaligharimu dola 20. Wakili alimtaka alete daftari la likelemba, lote, hata kurasa zenye madoa ya mafuta, akalisoma mstari kwa mstari, huku kijana wake akishuka chini kutoa fotokopi. Hakumdanganya. Alimweleza kwamba kifungu cha 61 cha Katiba kinakataza mtu kufungwa kwa sababu ya deni, na kwamba haki hiyo, sawa na haki ya kujitetea, haiondolewi hata nchi ikiwa katika hali ya hatari. Lakini papo hapo akamwonya kwamba fedha alizokabidhiwa kwa ajili ya wengine, akizila kwa hila, zina jina jingine katika sheria, uvunjaji wa uaminifu, na hilo linafunga mtu. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea kueleza kwa ukweli fedha zilikwenda wapi, na kuonyesha karatasi. Akamuuliza maswali magumu kuliko yale aliyoulizwa polisi kesho yake, akamfundisha kujibu kilichoulizwa na kunyamaza, kutokisia tarehe asiyoikumbuka, na kutoona haya kusema «sijui». Alimkumbusha pia kwamba hakuna anayelazimishwa kushuhudia dhidi ya nafsi yake, kwani hivyo ndivyo unavyosema mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa ambao nchi yetu iliingia mwaka 1976.

Kesho yake nilikuwa nje, kwenye kivuli cha mwembe, wao wakiwa ndani. Kwa maelezo ya jirani, afisa alikuwa mtu wa heshima, na wakili hakupaza sauti hata mara moja. Mwishoni, kabla ya sahihi, wakili aliomba peve isomwe, kisha akamfasiria mama yule kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Walipofika mahali palipoandikwa kwamba alizitumia fedha za kikundi kwa mambo yake, mama akasema hapana, nilisema nilizikopesha kwa wanakikundi wawili ambao hawajarudisha, majina yao yako katika daftari. Afisa alisahihisha, na fotokopi za kurasa hizo ziliambatishwa. Mama alirudi nyumbani Katuba kwa miguu yake mwenyewe, akapika chakula cha jioni. Baada ya mwezi mmoja na nusu walikubaliana mbele ya wakili, kwa maandishi, kwamba atalipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na malalamiko yakaondolewa. Gharama zote, pamoja na ile siku ya polisi, zilikuwa dola 110. Ile bahasha iliingia katika malipo ya kwanza ya likelemba.

Siwezi kuahidi kwamba kila atakayekwenda mapema atarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kuna makosa ambayo mtu atazuiliwa hata akiwa na mawakili watatu, na wakili huyu mwenyewe ni mwepesi wa kulisema hilo; alimkatalia mbele yangu mteja mmoja aliyetaka ahakikishiwe kwamba kijana wake atatoka kabla ya Jumapili. Wala mwenye hatia hana haja ndogo ya wakili kuliko asiye nayo, kwa maana naye anastahili kuandikwa alichosema, kushtakiwa kwa kosa alilotenda tu, na kuhesabiwa siku zake sawasawa.

Huduma hii ina kasoro, nami nitazisema. Mara ya kwanza hatukupewa mapatano ya malipo kwa maandishi. Bei ya kila kikao tuliijua siku ya kikao, jambo ambalo kwa jamaa isiyo na akiba ni mateso ya pili. Nilipolalamika, walilirekebisha, na mara ya pili karatasi ya bei ilitangulia, ikiwa na stakabadhi kwa kila malipo. Pili, wale vijana wa mafunzo hutumwa katika baadhi ya vikao badala ya wakili mkuu bila jamaa kuarifiwa. Wanafanya kazi kwa moyo, na mmoja wao ndiye aliyeipata ile boni, lakini jamaa inapaswa kujua ni nani atakayesimama. Tatu, na hili ndilo kubwa, simu ya kabine ilikuwa haipokelewi baada ya saa kumi na mbili jioni wala mwisho wa juma. Polisi wanakamata Ijumaa jioni. Kabine inayowahimiza watu waje mapema haiwezi kufunga simu katika saa zile ambazo mapema ndipo panapoanzia, na nilimwambia hivyo Maître, kama tunavyomwita wakili, kwa heshima zote.

Kwa asiye na dola 20, niongeze kwamba sheria ya mwaka 1979 iliyopanga kazi ya mawakili inalitaka kila baraza la mawakili liwe na ofisi ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo, na kabine yenyewe ilimwelekeza huko kijana mmoja aliyekuwa karibu nami kwenye benchi, wakamwandikia hata karatasi ya kuonyesha mlangoni. Kwa upande mwingine, jihadharini na wale wanaozunguka nje ya vituo vya polisi wakijiita avoka. Wakili wa kweli ana kadi ya baraza lake, jina lake limo katika orodha ya baraza, na hakasiriki akiombwa kuionyesha kadi hiyo. Huyu wetu aliiweka mezani kabla sijamaliza kuuliza.

Mwezi uliopita nilipita pale kutoa fotokopi, nikapanda ngazi kusalimia. Mlangoni palikuwa na karatasi mpya yenye namba ya pili ya simu, na chini yake maneno kwamba namba hiyo ni ya usiku, Jumamosi na Jumapili. Niliijaribu Ijumaa iliyofuata, saa tatu usiku, ikapokelewa na kijana aliyeniuliza moja kwa moja: nani amekamatwa, na saa ngapi? Nilimwomba radhi kwa kumsumbua, nikamweleza kwamba nilitaka kuhakikisha tu. Mke wangu ameiandika namba hiyo kwa kalamu nyekundu kwenye ukuta wa jikoni, juu ya namba ya fundi umeme.